Tutarudia Jumapili

Kiprono, ndugu yangu,

Wewe ulilala Alhamisi na homa yako, hukuamka, na mimi nimebaki na kaseti ya nyimbo zetu. Nimekukasirikia miezi mitatu sasa. Hata kaburini kwako sijafika tena.

Huku mvua imerudi, chai imechipua vibaya sana, na vidole vyangu vya gitaa vimekuwa vigumu kwa kuchuma. Kwaya wamepata mpiga kinanda mwingine badala yako. Nyimbo zake ni za dakika tatu, akimaliza anakimbilia chai. Ungemcheka wewe.

Albamu yetu bado haijaisha. Unakumbuka vile walitucheka hapa Kimulot? Vijana wote wanataka rege na rumba, sisi wawili tunapiga roki ya miaka ishirini iliyopita, wimbo mmoja unajaza upande mzima wa kaseti! Kisa ni zile santuri meneja mzungu alimwachia baba yako akihama. Ulizisikiliza mpaka sindano ikaisha. Na hukutosheka. Ukaingiza tenzi za kanisani, ukaingiza kibugandet, kile kinubi cha babu yako, ukaingiza hata mdundo wa mashine za kiwanda cha chai. "Hesabu mapigo saba, Kibet, si manne!" Aki ulinisumbua.

Wimbo wa mwisho ndio unanimaliza. Karibu na mwisho kinanda kinakatika, halafu ni wewe: "Ah, nimekosea. Tutarudia Jumapili." Jumapili hiyo ulikuwa mochari.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Betri za redio zikichoka, kaseti inaenda polepole, sauti yako inashuka, inakuwa nzito, ya mzee wa miaka sabini. Nakusikia ukizeeka, Kiprono. Mara ya kwanza nilitoka nje mbio. Siku hizi sianiki tena betri juani zipate nguvu. Naziacha zichoke makusudi, nikae kidogo na wewe ukiwa mzee.

Lakini wimbo unataka mwisho wake, na kaseti ni hiyo moja tu. Jumapili iliyopita, watu wakishatoka kanisani, niliweka kidole kwenye kitufe cha redio nirekodi juu ya yale maneno yako. Mama yako alikuwa anafagia kanisa. Akaacha ufagio.

"Hapo ndipo mtoto wangu anaongea. Usimguse."

Nikamwambia, mama, wimbo umeharibika hapo.

"Na mimi je?" akaniuliza.

Nikatoa kidole kwenye kitufe. Nilirudi nyumbani na kaseti yangu, wiki nzima sikulala vizuri.

Leo Jumapili, kanisani palepale, nimekuacha uongee. Uliposema "Jumapili" nikasimamisha kaseti, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikakaa kwenye kiti chako cha kinanda, nikaanza pale ulipokosea. Nilikuwa naogopa, mimi ni wa gitaa tu. Nikapotea kwenye hesabu. Basi nikasikia mtu anagonga benchi nyuma yangu: saba, saba, saba. Mama yako! Kumbe miaka hiyo yote ukinipigia kelele jikoni kwake, alikuwa anaishika hesabu. Nikamfuata mpaka mwisho. Tulilia wote wawili, na hicho kilio pia kimeingia kwenye kaseti. Sikifuti.

Kwaheri, ndugu yangu. Kesho nitapita kaburini, hasira imeisha. Tena nakuahidi hivi: sitakusikiliza tena kwa betri zilizochoka. Nitanunua mpya kila mara, ubaki kijana vile ulivyokuwa. Kuzeeka nitazeeka peke yangu.

Tumerudia, Kiprono.

Kibet