Eda Niliyoikaa Ugenini

Jumeirah Village Circle,
Dubai.
6 Machi 2016

Ndugu yangu Shakir,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako, na ya Hamida na watoto, na kama lile goti lako limekubali dawa au bado unaswali juu ya kiti. Mimi sijambo. Macho yamepungua nguvu, lakini bado natunga uzi katika sindano bila kumwomba mtu. Watoto ninaowalea hapa nao hawajambo, na Madam amenipa ruhusa ya kuja Pangani mwezi wa Shaabani kwa hitma ya mama, kama ulivyoniita.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni, nikaurudia mpaka Madam akaniuliza ni nani huyo anayenitoa machozi. Umesema umefikiri sana. Kwamba sheria ya Mungu haina dada wala kaka, na mwanamke aliye katika eda hatoki, hata kama mama yake anakata roho. Umesema umenisamehe, na kwamba siku ya hitma nitakaa mbele kama mjane wa marehemu Mbaruku, kwa kuwa dua itakuwa ya wote wawili, mama na shemeji yako. Tangu mama alipozikwa ulikuwa hupokei simu yangu, nami hakuna ninachokitaka katika umri huu kuliko kuwa dada yako tena. Ndiyo sababu ninaandika. Katika simu ningesema ahsante, basi, yakaisha. Lakini msamaha wako umesimama juu ya jambo ambalo hukulijua lote. Naomba usome hadi mwisho, kisha uamue kama bado ninaalikwa.

Unakumbuka kwamba mwaka jana arbab wa Mbaruku, yaani tajiri wake, mwenye karakana ya mbao kule Al Quoz, alimpeleka Italia pamoja na kijana wa Kiganda aitwaye Sowedi. Arbab alikuwa amepewa kazi ya milango ya hoteli moja ya hapa Dubai, pale Marina, naye alitaka milango ya kale, si ya kuigiza. Akawatuma katika mji wa Lucca wakae wachague, wapime na kufungasha. Niliwahi kukueleza kwa simu kwamba ni mji uliozungukwa na ukuta mnene, na juu ya ukuta huo watu wanatembea na kuendesha baiskeli chini ya miti, na upo mnara ambao miti imeota juu ya paa lake. Hukuniamini. Ni kweli, niliiona kwa dirisha.

Walipanga katika nyumba ndogo ya wageni ya mama mmoja mjane, Bi Ornella, juu ya duka la fundi viatu. Ngazi zake ni za mawe, zimelika katikati kwa miguu ya watu wa zamani. Bi Ornella alimpenda Mbaruku kwa sababu siku ya kwanza tu aliona ubao wa dirisha umelegea, akautengeneza kabla hajafungua begi lake. Tangu hapo alimwita kwa jina ambalo Sowedi aliniambia maana yake ni bwana fundi.

Kisha ini likamzidi. Sowedi alinipigia simu akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Mama, mzee anagonjwa sana, anasema jina yako tu. Yalla, kuja." Arbab alinikatia tiketi na kunishughulikia viza. Nilipofika, hospitali ilikuwa imekwisha kumrudisha Mbaruku kwa Bi Ornella, ikisema apumzike hadi apate nguvu ya kupanda ndege. Sisi sote tulielewa maana ya maneno hayo.

Bi Ornella alikuwa ametutandikia kitanda kipana, na juu ya mto ameweka tawi la maua. Nilimwomba chumba cha peke yangu. Alinitazama kwa mshangao, akamwita Serah, msichana wa Kikenya aliyekuwa akimsafishia vyumba, aje atufasirie. Serah akaniuliza kama nimekosana na mzee. Nilimjibu kwamba yeye kazi yake ni kufasiri. Nikapewa chumba cha pili, chenye dirisha la uani. Mchana nilikaa juu ya kiti katika ujia, mlango wa Mbaruku ukiwa wazi, Sowedi akimwogesha na kumgeuza. Mimi nilimpikia uji katika jiko la Bi Ornella, nikamsomea Kurani kutoka pale pale mlangoni.

Alifariki asubuhi moja, Bi Ornella akiwa chini anakata mkate wa wageni. Sowedi ndiye aliyemtamkisha shahada. Wakamzika katika sehemu ya Waislamu kwenye makaburi ya mji wa jirani. Mmoroko mwenye duka la nyama alipata gari na watu wa kumswalia. Mimi nilibaki. Nilimpigia Madam kumpa habari, naye, kama ujuavyo, ni wa zile familia za kale za Unguja. Akaniambia nikae papo hapo mauti yaliponikuta, kwa kuwa eda haikaliwi njiani, na kazi yangu itaningoja. Arbab naye alisema chumba amekwisha kukikodi msimu mzima, kwa hiyo nisifanye haraka. Kila mtu alinifungulia njia ya kukaa.

Nikakaa. Nilivaa nguo zisizo na urembo, nikavua bangili, nikaacha wanja na mafuta ya kunukia. Bi Ornella aliniletea sabuni ya maua, nikairudisha. Akaleta nyingine yenye harufu kubwa zaidi, akidhani ile ya kwanza ilikuwa hafifu. Wageni wanaume walipopanda ngazi nilifunga mlango. Yule mama aliogopa kwamba ninaugua, akamwita daktari, nami nikakataa kumfungulia kwa kuwa ni mwanamume. Serah alisimama nje ya mlango akaniambia: "Shosho, hata jela wana saa ya kuota jua." Nilimjibu kwamba mimi si bibi yake wa kuitwa shosho, na hii si jela. Akacheka, akasema jela angalau mtu anajua kosa lake. Msichana yule ana ulimi mbaya, lakini kila siku alinipandishia chakula kabla hajala chake.

Bi Ornella alipoelezwa eda ni nini, alikaa kitandani pangu akanishika mkono. Kwa kinywa cha Serah alisema kwamba mama yake mzazi naye alifungiwa madirisha alipofiwa na mume, na kwamba yeye wa kwake hakupata hata wiki moja ya kumlilia, maana wageni walikuwa mlangoni wanataka funguo. Kesho yake alichukua picha ya Mbaruku, ile aliyopigwa na Sowedi kando ya mlango wa mwaloni, akaitundika ukutani jirani na picha ya mumewe.

Hapo ndipo uliponipigia simu, Shakir. Uliniambia mama amepooza upande mmoja, na kwamba kinywa chake kimebaki na jina langu. Ulisema nije hata kwa siku mbili. Nami nilikujibu kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwafundishia wasichana wa madrasa zamani, kwamba aliyefiwa na mume hasafiri, na kwamba mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo. Ulipiga tena. Mara ya tatu hukuomba; ulilia tu, nami nilikaa na simu sikioni nikikusikiliza. Mama akafa. Viza yangu ilipokwisha nilirudi hapa Dubai nikamalizia eda katika chumba cha uani cha Madam, kikamilifu, bila kupunguza hata siku moja, na watu walinisifu.

Sasa nakuambia lile ambalo hulijui. Siku ile Mbaruku alipokufa, hakuwa mume wangu.

Sikukuu ya kuchinja ya mwaka juzi aliwaalika Sowedi na mafundi wenzake waje kula kwetu. Hakunipa habari mapema. Walitoka moja kwa moja kazini, nguo zao zina vumbi la mbao, wakaketi juu ya mito yangu mipya. Niliwainua. Nilimkaripia mbele yao kama mtoto aliyeingia na matope. Wale vijana walitoka mmoja mmoja, wamebeba viatu mkononi, na mmoja wao aliniomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mbaruku alisubiri hadi wa mwisho alipotoka, akasema: "Masuda, nimekuacha. Talaka moja." Hakupandisha sauti. Akachukua shati lake akaenda kulala nao Al Quoz.

Wewe unajua, na mimi najua zaidi, kwamba talaka moja si mwisho. Muda wote wa eda ile ya talaka angeweza kunirejea kwa neno moja, naye alilitaka. Alimtuma Sowedi mara mbili kuuliza kama arudi. Mara zote mbili nilijibu kwamba nyumba anaijua ilipo. Nilitaka aje aombe radhi kwanza. Yeye alitaka nimwambie njoo. Miezi mitatu ikapita tukiwa hivyo, eda ikaisha, na tukawa watu baki. Hakuna niliyemwambia: si Madam, si mama, si wewe. Arbab alinihesabu mke kwa kuwa hakusikia vinginevyo, na Sowedi alinyamaza kwa heshima ya mzee wake.

Ndiyo maana nilikaa mlangoni, Shakir. Sikuwa na haki ya kumgusa.

Na Mbaruku alitaka tuoane tena. Aliniambia hivyo siku ya pili baada ya kufika kwangu, kwa sauti iliyobaki kidogo. Alisema: "Mpigie Shakir. Yeye ndiye walii wako tangu baba yenu afe. Atuozeshe kwa simu. Sowedi yupo, na yule Mmoroko wa nyama yupo. Ndoa haihitaji ngoma." Alisema hataki kufa akiwa mgeni kwangu. Nami nilitaka, wallahi nilitaka, mikono ilikuwa ikiniwasha kumfuta jasho lile usoni. Nilisema kesho. Kesho yake nilisema kesho.

Sababu ni wewe, au tuseme ni maneno niliyokuambia wewe. Ulipomwacha Kibibi nilisimama katika ukumbi wa mama, mbele ya wake za watu, nikasema talaka ni ya wasio na malezi, na kwamba katika tumbo letu wewe ni wa kwanza kutia doa. Ulikuwa kijana bado, uliinamisha kichwa ukaniacha niseme. Ili nikuombe uniozeshe ilinibidi kwanza nikuambie kwamba nimeachwa. Nilibonyeza namba yako nikaikata kabla haijalia. Asubuhi ya mauti simu ilikuwa mkononi mwangu, nimekwisha kupata sentensi ya kuanzia, Sowedi akatoka chumbani akaniambia khalas.

Kwa hiyo eda ile haikunipasa. Hapakuwa na sheria iliyonizuia kuja kwa mama. Ningeweza kupanda ndege siku ile ile uliyonipigia, nikamkuta anaongea. Usifikiri sikujua; hukumu hizi nimezisomesha. Nilijua kila asubuhi nilipoamka katika chumba kile. Lakini Bi Ornella aliniita mjane wa bwana fundi, Serah aliniita mjane, picha ilikuwa ukutani, na katika dunia nzima ile nyumba ndiyo mahali pekee nilipokuwa bado mke wa Mbaruku. Nikishuka ngazi zile ningekuwa mtalaka wake, tena mtalaka aliyesema kesho. Nikamwacha mama aniite peke yake ili mimi nimlilie mtu ambaye sikuwa na haki ya kumlilia kwa jina hilo.

Sijui wanavyuoni watasema nini juu ya jambo hili, na sikuandiki ili unitafutie fatwa. Nakuandikia kwa kuwa ulinisamehe kwa sababu ya sheria, na sheria haikuwa upande wangu. Msamaha huo si halali yangu, ninakurudishia. Kama unao mwingine, wa mtu asiye na udhuru, nitaupokea. Kama huna, sitakulaumu, wala sitamtuma mtu aje anisemee.

Siku ya hitma tafadhali usinitaje kama mjane wa Mbaruku. Mwombeeni yeye kwa jina lake na la baba yake, inatosha. Kwa mama nitaje kama mwanawe, ukiona inafaa. Na Kibibi, kama bado yuko kule Mwera, mwambie nina neno lake ambalo nitalisema mwenyewe, mbele ya wake wale wale waliokuwapo ukumbini, walio hai.

Ndege yangu inatua Dar es Salaam Alhamisi ya kwanza ya Shaabani. Pangani nitafika Ijumaa, nami nitaanzia makaburini. Usijisumbue kuja kunipokea kama moyo haujakubali.

Nisalimie Hamida, na mabinti, na majirani wote walioshika jeneza la mama kwa niaba yangu. Goti lako lifungwe kitambaa cha uvuguvugu jioni, usilidharau. Nilipokuhitaji uniozeshe, ndugu yangu, niliona haya kukuita, na ungekuja mbio. Sasa ninakuita bila haya yoyote, na hakuna tena wa kuniozesha kwake.

Mimi dada yako,
Masuda binti Salim