Swali la Watu wa Sparta

Mount Druitt, Sydney

Mdogo wangu Muhindo,

Nilitaka kuanza na matusi, lakini mama alitufundisha salamu kwanza. Huku tuko wazima. Kazi yangu ni ileile ya aged care, kuogesha wazee. Binti yangu Divine yuko mwaka wa mwisho wa sekondari.

Jana nikimenya ndizi, alinisimulia somo lake la historia. Zamani Athene na Sparta ziligombania miji ya Wagiriki. Sparta ilipouteka mji mdogo wa Platea, uliokuwa upande wa Athene, iliwauliza mateka mmoja mmoja: "Katika vita hivi, umetufanyia jema gani?" Aliyekosa jibu aliuawa.

Nikaweka kisu chini, nikakufikiria wewe.

Uliniandikia kwamba hao waasi waliouteka mji wetu wamekupa kazi ya ofisi. Kazi gani, hukusema. Mama mdogo amenieleza kwa simu, analia: unakaa mezani, unawauliza watu swali hilohilo, unaandika majina. Na mume wake, baba mdogo Kasereka, aliyekushika mkono ukajua kuandika, alisimama mbele yako akakosa jibu. Ukaliandika jina lake! Wamempeleka wapi, Muhindo? Huna hata haya?

Divine aliuliza wale wa Platea wangejibu nini ili wapone. Nikamwambia hakuna jibu, maana anayeuliza ameshaamua.

Usinitumie salamu tena. Watu wa kanisani wakiniuliza kama nina ndugu huko, na mimi nitakosa jibu.

Ni mimi Kasoki, niliyekubeba mgongoni.