Mama na Kifungu cha Nne

Jumatano jioni, Gitothua

Hadi sasa rasimu ya sheria iko wazi mbele yangu. Na asubuhi nilikuwa najisifu eti kifungu cha nne kimetoka safi!

Ofisini tunakiandikia kisiwa kimoja sheria ya uraia; kikipata uhuru, kwa kifungu hicho raia atakuwa mtu aliyezaliwa pale, na mzazi wake mmoja pia awe alizaliwa pale. Kazini tuna mtindo wa kupima kila kifungu kwa maisha ya mtu tunayemjua. Mimi nikachagua aliye rahisi, Mama. Nikampigia simu nyumbani kwake Gatuanyaga kumuuliza wazazi wake walizaliwa wapi.

"Rwanda, wote wawili," akasema, kama mtu anayeniambia mvua imenyesha. "Walikuja kufanya kazi ya mkonge. Mimi nikazaliwa hapa Thika."

Na mimi miaka yote najiita Mluhya.

"Sasa kitambulisho ulipata aje?"

"Watoto wa watu wa Rwanda walikuwa wananyimwa. Mama mmoja jirani yetu, Mluhya, alimwambia chifu mimi ni mtoto wake. Kwani unadhani jina Nekesa nilikupa la nani? Ni lake."

Rasimu inatakiwa kesho. Kifungu changu kingemwacha Mama bila nchi, na chini ya ukurasa nimeandika mwenyewe: Imetayarishwa na Nekesa.