Funda la Kwanza

Masagati, 7 Mei 2023

Kwako mjukuu wangu Dorika, mke mwenzangu,

U hali gani, na mumeo, na wakwe zako? Mimi mzima isipokuwa magoti, nayo hayana habari mpya. Mpunga tumevuna, nguruwe pori wamevuna zaidi yetu. Anayeandika ni Fausta, mke wa jirani, yule mwenye mwanya. Nimemwambia aandike kila ninachosema, hata nikikohoa. Simu inataka nipande kilima kutafuta mtandao, halafu nipayuke mambo ya ukoo mbele ya wachunga ng'ombe. Sitaki.

Sasa sikia. Wazee wamesema tupike pombe ya kumalizia msiba wa mama yako, mwezi wa nane, mtama ukishakauka. Desturi ya ukoo wetu unaijua. Mtoto wa marehemu ndiye anayepiga funda la kwanza, na linalobaki kwenye kibuyu analimwaga kizingitini, anasema, mama, nenda. Kabla ya hapo hakuna mwingine anayeweka mdomo. Yunis alizaa mmoja, ndiye wewe. Usipofanya wewe, mama yako anabaki amekaa mlangoni kwangu, haingii, haendi, na mimi sivui kaniki hii wala siondoki kwenye mkeka. Nimeuchoka mkeka, Dorika. Kila nikitoka kwenda msalani namwambia Yunis nipishe.

Najua siku hizi unaitwa Firdausi. Jina zuri, Fausta amelitamani. Ndoa yako sikuigombeza na dini yako siigombezi. Nataka funda moja. Kuku akiinamia maji anakunywa zaidi ya hapo.

Ni mimi, bibi yako.


Kibaoni, Ifakara, 2 Juni 2023

Kwako Bibi mpenzi,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma dukani nikacheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Pole kwa magoti. Sisi wazima. Mudathiri anakusalimu, na baba mkwe, Mzee Mbaruku, naye anakusalimu.

Bibi, kuja nitakuja. Kunywa sitakunywa. Usidhani nimekatazwa. Mudathiri nilipomweleza alisema, ni mama yako, amua wewe. Ni mimi. Kabla sijajua kusali nilishajua kuichukia pombe. Wewe ulikuwa shambani, mimi ndiye niliyekuwa nikirudi shule namkuta mama amelala uani, na nzi wameshamjaa mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia. Ikamla ini mpaka akawa wa njano kama embe. Leo unaniambia nimsindikize kwa kile kile kilichomuua.

Mama mkwe, Bi Mwanaheri, ana wazo. Anasema tumsomee mama dua hapa nyumbani, tupike wali tulishe watu. Amekwisha agiza na mbuzi, ingawa hakumjua mama hata kwa sura. Je, haitoshi?

Mjukuu wako,
Firdausi (Dorika)


Masagati, 25 Juni 2023

Mke mwenzangu,

Marahaba. Salamu zako za Kiarabu nimemwambia Fausta azipokee, mimi nimepokea shikamoo. Ng'ombe wa Wasukuma wamekula mihogo yangu, nimewatukana, wakaniletea maziwa. Ndiyo habari za huku.

Mwambie Bi Mwanaheri nimemshukuru kwa mbuzi. Mtu anayechinjia maiti asiyemjua ana moyo. Lakini Yunis hajui Kiarabu, atasomewa akae pale pale akitoa macho.

Na wewe usichanganye mambo. Kilichomuua mama yako ni gongo, la kununua kwenye chupa ya maji, alilolinywa peke yake amewageuzia watu mgongo. Pombe ya chungu haina mtu mmoja. Inapikwa na wanawake watano, inanywewa na kijiji, wenye ugomvi wanashikishwa kibuyu kimoja mpaka wanaongea. Hata mahari ya mama yako iliongelewa juu yake. Hivyo ni vitu viwili, kama moto wa jikoni na moto wa kuchoma nyumba.

Lakini sikulazimishi. Nimekaa na wazee. Babu yako mdogo, Anselim, akasema haijapata kutokea. Nikamwambia hata yeye kuota kipara hakukuwahi kutokea kwao, akajipapasa kichwa. Tumekubaliana hivi: utapiga funda la togwa. Togwa ni uji na kimea tu, watoto wachanga wanapewa, haijawa pombe mpaka uiache ikae. Tutaichota asubuhi ile ile.

Na ili wakwe zako wasije wakadhani bibi anakudanganya, nimepika togwa nzuri ya ulezi, naituma dumu zima kwa gari la Mlimba. Bi Mwanaheri aonje kwanza yeye, kwa mdomo wake, ajue hatumfichi kitu.

Bibi yako anayekungoja.


Kibaoni, 14 Julai 2023

Bibi,

Shikamoo. Natumai magoti yanaendelea vizuri.

Dumu limefika. Gari liliharibika njiani, likalala siku mbili juani, na dumu juu ya keria. Konda alilileta Ijumaa mchana, limevimba kama tumbo la kitoto chenye minyoo. Mimi sikuelewa. Mama mkwe alifurahi kuletewa zawadi na bibi, akalileta sebuleni wageni waione, maana Mzee Mbaruku alikuwa ametoka msikitini na wenzake. Akafungua kifuniko.

Kilipiga dari, Bibi. Povu likawarukia wazee wa watu, kanzu, kofia, zulia, kila mahali. Nyumba nzima ikanuka kilabu. Mzee Mbaruku alijifuta uso, akasema taratibu, bibi wa mke wa mwanangu ameniletea pombe nyumbani kwangu, siku ya Ijumaa. Akaenda kuoga. Wageni wakatafuta viatu.

Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Mama mkwe ananiamini, ndiye aliyesugua zulia na mimi. Mzee hajanitupia maneno mabaya, ila hajakuulizia tena.

Lakini si hilo linalonizuia kulala. Ile harufu. Mama alikuwa akinikumbatia na ile harufu kwenye kanga. Nilikimbilia bafuni nikatapika, na nilipomaliza kutapika nikainusa tena mikono yangu, makusudi. Siwezi kukueleza. Sitaki hata togwa, Bibi. Unisamehe.

Firdausi


Masagati, 9 Agosti 2023

Dorika wangu,

Marahaba. Nimesomewa barua yako mara nyingi kuliko inavyofaa.

Togwa haikukosea. Kukaa juani ikavimba ndiyo kazi yake. Nilisema kifuniko kilegezwe ipumue, na Fausta anaandika hapa huku analia, maana yeye ndiye aliyekikaza isimwagikie mizigo ya watu. Nimemwambia anyamaze, analowesha karatasi. Kwa Mzee Mbaruku mpelekee pole yangu. Mwambie bibi mjinga wa Masagati hawezi kumtukana mtu kwa ulezi wake mwenyewe, ulezi una kazi kuutwanga.

Pombe nimeisogeza mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Baada ya hapo mvua zitaikata barabara, na Anselim haningoji tena. Nimewaambia wazee sitatia hata kimea majini mpaka wakubali neno hili, wakakaa na hasira zao, wakakubali: usinywe. Usinuse. Ushike kibuyu tu, umefunga pua na kanga yako, mimi nitaweka mdomo wangu badala ya wako, kisha wewe umwage. Kumwaga, Dorika. Wewe si unaichukia? Njoo uimwage.

Ukimaliza utalala kwangu siku moja, nikuchane nywele kama zamani. Shungi utalivua, tuko wenyewe.

Nimewatumia wanawake habari. Chungu kimeoshwa.

Bibi yako.


Kibaoni, 20 Oktoba 2023

Bibi,

Shikamoo. Najua siku yenyewe imekwisha pita. Nimekaa na kalamu kila Jumapili.

Nilikuja. Nilifika Mlimba siku mbili kabla. Mudathiri alinipeleka kituoni mwenyewe, mama mkwe akanifungia mchele na sukari vya msiba. Hata Mzee alisema nikusalimie. Nilishuka Mlimba kungoja gari la kuja kwenu. Karibu na pale palikuwa na mwanamke amelala ubavu chini ya kibanda, kiatu kimoja kimemtoka, watu wanamruka. Wengine wanacheka. Nilikwenda kumfunika. Akafungua macho akaniambia, mwanangu, umerudi shule?

Walevi husema lolote, najua. Mimi nilimwachia mchele na sukari nikapanda gari lililokuwa linageuza.

Nililala kwa rafiki yangu Eveline, Kisawasawa, siku zote ambazo ningekuwa kwako. Huku wanajua nilifika kwako. Mama mkwe aliniuliza, bibi hajambo? Nikasema hajambo. Akauliza, mama ameshasindikizwa? Nikasema ndiyo.

Niambie kwamba ni kweli.

Mjukuu wako


Masagati, 3 Desemba 2023

Mke mwenzangu Dorika,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mvua imeanza. Mgongo umejiunga na magoti.

Nakuambia kama ilivyokuwa, sijui njia nyingine. Tulikungoja asubuhi mpaka povu likatulia kwenye chungu. Gari lilipita, sikusikia likisimama. Anselim akasema pombe inachacha. Mimi nimekishika kile kibuyu mpaka vidole vikafa ganzi, watu wote wakiona aibu kunitazama.

Ndipo Minza akasimama. Minza ni yule mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe waliokula mihogo yangu. Mama yako aliposhindwa kula, yeye ndiye aliyemletea maziwa, anamnywesha kwa kijiko. Ni Msabato, kwao pombe ni dhambi kama kwenu. Akasema, huyu mama hawezi kukaa mlangoni peke yake. Wazee wakakubali kwamba aliyemlisha marehemu mwishoni anaweza kuwa mtoto wake. Nikamwambia Minza, mimi nitanywa badala yako, wewe mwaga. Akasema hapana, kama ni mtoto, ni mtoto. Alipiga funda, machozi yakamtoka kwa ukali wake, akamwaga kizingitini, akasema, mama, nenda. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kumwomba Mungu wake radhi.

Kwa hiyo ni kweli, mama yako amesindikizwa. Kwa hilo hukuwadanganya wakwe zako. Lakini jambo hili halifanywi mara mbili. Yunis ana mtoto, anaitwa Minza. Akija kuzikwa mtu wa nyumba hii, atakayeitwa kwenye kibuyu ni yeye. Usije siku moja ukidhani kuna nafasi yako imewekwa pembeni. Nilijaribu kuiweka.

Kaniki nimevua. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sasa nikitoka nje usiku hakuna wa kumwambia nipishe.

Yule mwanamke wa Mlimba ulifanya vizuri kumfunika. Sikulaumu. Nilipata hasira siku tatu, zikaisha, mimi sina nguvu ya kuzilea.

Fausta anaondoka. Mumewe amepata shamba ng'ambo ya mto, wanahama kabla maji hayajajaa. Minza hajui kusoma. Anselim anajua, lakini siwezi kumpa barua zako azisome huku anatikisa kichwa. Basi hii ndiyo ya mwisho. Wewe ukiandika, andika tu. Konda ataileta. Nitaishika, nitajua ni yako, nitaiweka chini ya mto. Kilichosemwa ndani sitakijua.

Fausta anauliza kama nina la kuongeza. Mwambie ale, asikonde.

Bibi yako.