Aliyewaonyesha Ngazi ya Kuja Kwangu

Jumanne, Agosti 2017. Upepo wa Joburg, huku Afrika Kusini, mwezi huu unanitia wazimu: vumbi machoni, midomo imepasuka, kichwa kizito. Nimefunga kazi mapema. Ni saa kumi na moja jioni, nimejilaza chumbani kwangu, mtaa wa Bertrams, jua bado liko dirishani na chai imepoa sijaigusa.

Nimesalitiwa.

Neno hilo nimeliandika nikalifuta mara mbili, kisha nikajiuliza namficha nani. Basi libaki.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, fundi cherehani. Nashonea ghorofa ya tatu kwenye jengo kuukuu katikati ya mji, jengo ambalo lifti yake hata sijawahi kuiona ikipanda. Kazi yangu kubwa ni sare za akina mama wa kanisa: blauzi nyekundu, kola nyeupe. Ndiyo, mimi na hijabu yangu ndiye ninayewavalisha, na wananipenda kwa sababu kola zangu hazilali. Chumba cha kushonea nashirikiana na Nyamizi, Mnyamwezi wa Tabora. Miaka sita meza zetu zinatazamana. Kibali changu cha kukaa nchini kiliisha mwezi wa sita na kipya bado nakisubiri. Aliyelijua hilo ni Nyamizi peke yake, kwani ndiye niliyepanga naye foleni tangu alfajiri, tukala mkate mmoja.

Leo saa nne asubuhi katoka kwenda kununua uzi. Haikupita robo saa nikasikia viatu vingi kwenye ngazi. Wakaingia wanaume watano, wa wale wanaofukuza wageni mjini, wawili wana fimbo, mmoja ana bomba la chuma. Mkubwa wao, mtu wa makamo aliyevaa koti la kaki, akasema kwa Kizulu, kwa sauti ya kujaza chumba:

"Wewe ndiye Zuhura? Dada yako unayeshona naye katuambia pale chini. Yeye kibali chake kizima, chako kimekufa tangu mwezi wa sita. Toka, tunachukua mashine."

Kusema kweli, sikuanza kuogopa. Nilianza kuumia. Woga ulikuja baadaye. Nyamizi jamani! Nyamizi huyu huyu!

Mkononi nilikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia. Nikauingiza kwenye droo polepole, makusudi, wauone ukiingia. Sikusimama. Mji huu umenifundisha kwamba ukisimama mbele ya mtu mwenye hasira umeshampa ugomvi aliokuja kuutafuta. Nikawaamkia kwa lugha yao, "Sanibonani, bobaba," sauti chini kabisa. Mwenye koti akalazimika kuinama kidogo ili anisikie, na mtu akiinama kukusikiliza ni vigumu kuendelea kupiga kelele.

"Baba," nikamwambia, "sibishani na ninyi. Ila hizi blauzi si zangu. Ni za mama zenu, Jumamosi wana mazishi. Nisaidieni kwanza kuzishusha zisichafuke, halafu mfanye mlilojia."

Sijui yalitoka wapi maneno yale. Labda kweli niliziogopea blauzi.

Zilikuwa thelathini na kitu, zimetundikwa mpaka juu ya dirisha. Nikaanza kuzitoa nikiwapa mmoja mmoja. Yule wa bomba akasita, akatazama wenzake, kisha akaliegemeza ukutani, maana blauzi ya mama haishikwi kwa mkono mmoja. Fimbo nazo zikalala chini. Mara wote watano wamesimama kama kamba za kuanikia, mikono imejaa nyekundu na nyeupe, hawana hata mkono wa kujikunia pua.

Mwenye koti akashika kola moja, akaisugua kwa kidole gumba.

"Eish," akasema. "Mama yangu tulimzika na hii."

Akaniuliza mazishi ni saa ngapi. Nikamjibu saa mbili asubuhi. Akawaambia wenzake wazirudishe, na wakazirudisha, wakitundika ovyo ovyo kama wanaume. Kisha wakashuka. Yule mmoja ikabidi arudi kuchukua bomba lake, akiona haya, akaniambia "samahani, ma".

Hapo ndipo nilipolia.

Nyamizi alirudi saa sita, na uzi wake mkononi. Mama Furaha, Mkongomani anayesuka nywele chumba cha jirani, alikuwa amekuja kunipa pole. Nyamizi akasimama mlangoni, macho mekundu, akajichekesha:

"We Mzigua, bado upo? Mimi nimeshaigawa cherehani yako, nilikuwa nakuja matangani na ngoma!"

Kwetu Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakutukana hadharani, anakucheka hata kwenye msiba wako, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Miaka sita yote jibu langu ni moja: "Mpagazi wewe, beba mzigo wako upite." Alikuwa analingoja. Ningelitoa tu, tungecheka, na jambo lingekwisha hapo hapo, kwa desturi, bila hata kutajwa. Alilijua hilo. Mwenzangu kaja kuniomba radhi kwa mlango ambao mimi siwezi kumfungia.

Mkono uliniwasha, wallahi. Nilitamani kumzaba kofi moja tu, lilie mpaka kwenye robot, zile taa za magari kule barabarani. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Nikainuka. Nyamizi amenizidi miaka mitatu, lakini sijawahi kumwamkia hata siku moja, watani hawaamkiani. Nikapiga goti kidogo, kama kwa mkwe.

"Shikamoo, dada Nyamizi."

Mama Furaha, ambaye hajui mambo yetu, akafurahi kweli. "Voilà! Heshima kama hiyo ni muzuri sana!"

Nyamizi hakufurahi. Alinitazama kama mtu aliyepewa habari ya kifo. "Marahaba," akasema, na sauti haikutoka vizuri. Akakaa, akageuza kiti chake akanipa mgongo, na mabega yake yalitikisika mpaka nilipofunga droo yangu na kuondoka.

Najua walimbana. Najua naye aliogopa, wanaume watano si mchezo. Najua yote hayo, na bado sina msamaha wa kumpa, nikiutafuta siuoni.

Wale waliokuja na fimbo waliondoka bila mkwaruzo. Huyu mmoja, niliyekula naye mkate mmoja, sikumgusa hata kwa ukucha, na leo ndiye pekee niliyemuumiza. Kesho asubuhi nitaingia, atanitazama. Nitamtania au nitamwamkia?