Kwa Nini Ninakula Nimegeukia Ukuta

Mume wangu Wambura,

Huku Nyamuswa tumeamka salama, na ng'ombe wako kazaa ndama jike. Mjukuu wangu, umeniuliza kwa nini nakulaga nimegeukia ukuta. Nilipokuwa darasa la tatu, wenzangu walikuwaga wananicheka kwa ugali mweusi wa mtama niliofungiwa na mama. Siku moja wakautemea mate. Nikaanza kula nyuma ya darasa, mwisho nikaacha kabisa kula shuleni.

Wale sasa ni wazee wenzangu, tunasalimiana vizuri tu kanisani. Lakini mtu akinitazama nikila, bado nageukia ukuta.

Mama yako anasema hata wewe huko shuleni Musoma umeanza kula peke yako. Mwambie mwalimu, mume wangu. Mimi sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Mkeo mzee,
Bibi