Acheni Kusema ni Mgongo

S.L.P. 61,
Kithimani,
Machakos.

15 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Maundu,

Natumai barua hii itakukuta hapo Changamwe ukiwa mzima, wewe na mkeo Mbinya. Goti lake limepoa? Na joto la Mombasa, bado mnalala madirisha wazi? Sisi huku tumeamka salama. Mvua hatujaiona, lakini shamba tumeshalima, tunaisubiri. Mke wangu Syombua ana nguvu zake zote, na sauti yake yote.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, nikifika kwenye jambo lenyewe, unaniuliza habari za ng'ombe. Binti yako Wendy anamaliza likizo yake hapa na atafika kwako Alhamisi. Nimempa barua aibebe.

Kwanza hali yangu, na nakueleza upya kwa sababu mwanzo hukutaka kusikia. Mwezi wa tatu daktari aliniambia nina saratani ya tezi dume. Tezi hii kila mwanamume anayo. Inakaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Ikivimba, mkojo unabanwa. Si kila uvimbe ni saratani, na saratani yenyewe inaweza kukaa miaka bila kuuma. Mimi nilingoja iume. Ilipouma ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na daktari hakunizungusha: ilipofika haiondoki, inazuiwa tu.

Kila miezi mitatu nachomwa sindano tumboni, ya kuzima homoni za kiume ambazo ndizo chakula cha saratani hii. Inafanya kazi. Maumivu yamepungua, na ng'ombe nakamua mwenyewe. Lakini inanipandisha joto ghafla kama mwanamke aliyekoma hedhi. Mwezi wa saba, kanisa zima limevaa makoti, mimi najipepea na kitabu cha nyimbo. Syombua alicheka mpaka akatoka nje. "Baba Mumbua, miaka ile nikilalamika ulisema ni blanketi!"

Hayo nayavumilia. Kinachonishinda ni huu mgongo wenu.

Wewe ndiye uliyempigia Syombua ukamwambia watu waambiwe naumwa mgongo, basi, mpaka ntheo ya mwanao Antony, siku ya kupeleka mbuzi wa posa ukweni, ipite Desemba. Ulisema wakwe wa Kivaa wakisikia neno saratani watawarudishia mbuzi na kumzuia binti yao Winfred, tena ugonjwa wa sehemu zile utatutia midomoni mwa watu. Syombua anakuheshimu, akakubali. Mimi nikanyamaza, na hilo ni kosa langu. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na miwili, kisha nikaanza kuishi kama mtu asiyejua jina la ugonjwa wake.

Unajua kilichofuata? Kithimani yote imekuwa daktari wa mgongo. Nimeletewa mshipi wa wapakia magunia, godoro gumu kama meza, na chupa tatu za mafuta ya mbuni. Jirani yetu Musili ananiita kutoka upande wa pili wa barabara, "Mwalimu, ulivunjwa mgongo na nini, chaki?" Watu wanacheka, nami nacheka nao. Kanisani mgongo wangu unaombewa kila Jumapili, nami naitikia amina kwa uongo.

Jumatano iliyopita wazee wa kanisa walimleta Muema, mkandaji. Walikuja wanne, wameacha shughuli zao, kwa upendo mtupu. Muema ni mtu mnene, mikono mipana. Aliniambia nivue shati nilale kifudifudi mkekani. Sasa sikiliza. Daktari alinieleza kwamba mifupa hii ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa kwa ndani: ukiitazama imesimama, ukiielemea inakatika. Na uti ukivunjika, mishipa ya fahamu inabanwa, miguu inakufa. Syombua alikuwepo siku daktari aliponieleza. Sasa alisimama mlangoni na birika la chai mkononi, hasemi, kwa sababu wewe ulimwambia asiseme.

Nami nililala. Ndiyo, Maundu, nililala mkekani. Aibu ndiyo iliyonilaza. Muema akaweka kiganja kimoja juu ya uti, akaweka cha pili juu yake, akavuta pumzi. Ndipo nikapiga kelele: "Toa mikono! Nina saratani, iko kwenye mfupa huo huo!"

Aliruka nyuma, akaniangalia kwa hasira. "Mwalimu! Ungeniacha nikuvunje, nibebe lawama maisha yangu yote, kwa sababu ya kuona haya?"

 Alikuwa na haki kabisa.

 Kisha mzee mmoja akauliza ugonjwa huo unaanzaje, nami nikawachorea kibofu na tezi nyuma ya kalenda. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Waliuliza maswali ambayo wanaume wazima wa huku hawaulizani. Hakuna aliyecheka, wala aliyetaja ukoo wetu.

Sasa nafika kwako. Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa kiume, kwa kuwa mtu ambaye kaka yake ameugua hivi yuko hatarini zaidi kuliko wengine. Una miaka sitini na miwili. Nilikuambia Aprili, ukasema Pasaka ipite. Nikakuambia Juni, ukasema hospitali ina foleni. Wanatoa damu mkononi. Daktari akiona haja atapima kwa kidole pia, ni dakika moja, na si lazima umsimulie mtu. Nimekasirika, ndugu yangu. Umehangaika kuuficha ugonjwa wangu kuliko ulivyohangaika kujua kama wewe unao.

Jumamosi Antony alikuja kutoka Mavoko pamoja na Winfred, kupanga mambo ya ntheo. Habari zilikuwa zimeshafika sokoni, kwa hiyo niliwaambia yote mwenyewe. Winfred alisikiliza, akauliza siku hiyo nitaweza kukalia kiti cha mbao au waniwekee cha mto. Huyo ndiye mkwe uliyetutishia naye miezi mitano.

Antony aliuliza jambo moja tu. "Baba mkubwa, na baba amepimwa?"

 Nimeulizwa mengi darasani, lakini hilo sikuweza kulijibu mbele ya mchumba wake. Nilimwambia akuulize wewe. Atakupigia Jumapili jioni, na ameapa hatakubali kuulizwa habari za ng'ombe. Barua hii utaisoma Alhamisi. Ijumaa hospitali iko wazi.

Msalimie sana Mbinya, na Muli, kitinda mimba wenu. Mumbua wetu anakusalimu kutoka Machakos mjini. Syombua pia anakusalimu, na anasema neno mgongo halitatoka tena kinywani mwake. Mungu akulinde, na akupe moyo wa kukunja mkono wa shati.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hii,
kaka yako,
Justus.